Mbeba Mfuko wa Taketi

Roza wa Pasiansi, Mwanza, hakuwa mwongo. Majirani wote wangekuapia hilo, huku wakicheka. Alikuwa tu na mkono mzito wa chumvi. Mgahawani kwake wakila watu kumi, jioni anasimulia thelathini. Gari la mkubwa likipita barabara ya uwanja wa ndege, vioo vimefungwa, Roza atasema walisalimiana. Kwa hiyo siku mshenga wa kina Mashimba alipomuuliza mwanawe Elias anafanya kazi gani huko Marekani, ulimi ulifanya kile ulichozoea.

"Ni mshauri," alisema. "Anamshauri mchezaji mkubwa wa gofu. Mzungu yule hapigi mpira hata mmoja bila kumuuliza Elias."

Ukweli ni kwamba Elias alikuwa akimbebea yule mzungu mfuko wa fimbo. Kumshauri alimshauri, hilo Elias mwenyewe alilisema kwenye simu, lakini kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa ya mfuko. Roza alilitazama neno "mfuko" akaona halitoshi kuombea binti wa watu, tena binti kama Modesta, mwalimu wa Kiseke, mtoto wa Mzee Mashimba, mfugaji anayejulikana hadi Misungwi. Akaliacha neno hilo jikoni, akawapelekea wageni "mshauri" kwenye sinia.

Sasa Jumapili ilikuwa imefika, na Mzee Mashimba mwenyewe alikuwa njiani. Hakutaka kusimuliwa na mshenga. Alitaka kuona kwa macho yake mji ambako binti yake angeolewa. Na Jumapili hiyo hiyo, kama vile mambo yamepangwa na mtu mwenye kinyongo, yule mzungu alikuwa anacheza fainali huko Uskoti, na mchezo ungeonyeshwa kwenye runinga kuanzia jioni.

"Janet," Roza alimwita jirani yake, msusi aliyekuwa anamsaidia kukaanga sato uani, "hebu niambie ukweli. Umemwambia nani habari za runinga?"

"Mimi? Nimemwambia mama Dorotea tu."

"Mama Dorotea! Si bora ungepita mtaani na kipaza sauti?"

"Sasa dada Roza, kosa langu nini? Mtoto wetu yuko Uskoti, anaonekana dunia nzima, sisi tukae kimya kama tumefiwa?"

"Anaonekana na mfuko mgongoni, Janet. Mfuko mkubwa kama gunia la mkaa. Yule mzee atakaa pale kwenye kochi, atamwona mkwe wake mtarajiwa anamfuata mzungu nyuma nyuma kama punda. Nitaweka wapi uso wangu?"

Janet aligeuza samaki, akafikiri. "Basi runinga isiwashwe. Sema umeme umekatika."

"Na jokofu linalonguruma pale sebuleni?"

Wakacheka, maana hapakuwa na lingine la kufanya. Lakini Roza ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Mume wake, Ogweno, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Elias ndiye mtoto pekee aliyebaki, na kila akipiga simu mazungumzo yalianza na Modesta yakaishia na Modesta. Posa hii ikivunjika kwa sababu ya ulimi wake, kijana asingemwambia neno baya. Angenyamaza tu, na unyamavu wa Elias Roza aliujua. Ulikuwa wa baba yake.

*

Mzee Mashimba alifika saa kumi na nusu, na dada yake Kashindye, mama mnene mwenye macho ya kukagua. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, fimbo mkononi, suti ya kijivu iliyonyooshwa mpaka ikang'aa. Roza alipiga goti. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, shangazi." Wakaitikia marahaba, wakaulizana habari za njia, za mvua, za malisho, za marehemu. Kashindye alipapasa pazia, akachungulia jikoni, akauliza maji yanatoka siku zote au kwa mgao. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Kisha wakaanza kuingia. Kwanza mama Dorotea na stuli yake. Nyuma yake vijana wawili wa bodaboda. Wanawake wa kwaya wakaja bado wamevaa sare. Nestory, dereva wa watalii, aliyekuwa amerudi jana tu kutoka Serengeti, akaja na kofia yake ya kazi. Kila aliyeingia aliamkia, akajibana ukutani, akaitazama runinga iliyozimwa kama watu wanavyoitazama sufuria isiyochemka.

Siku nyingine Roza angefurahi. Nyumba iliyojaa ndiyo ilikuwa raha yake duniani. Leo alitamani sakafu ipasuke iwameze wote, abaki yeye na wakwe na samaki.

"Hawa wote ni ndugu?" Mashimba aliuliza.

"Ni majirani, mkwe. Wamekuja kuwasalimia."

"Tumekuja kumwona Elias!" alidakia kijana mmoja wa bodaboda. "Mama, washa basi, wameshafika shimo la kumi na mbili!"

Mashimba aligeuka polepole. "Elias anaonekana humo?"

Roza alifungua mdomo kusema kwamba kuna hitilafu kwenye king'amuzi, lakini mama Dorotea, ambaye mkono wake haukuwahi kusubiri ruhusa, alikuwa ameshabonyeza.

Picha ikaja. Nyasi zilizokatwa kama zulia, bahari ya rangi ya bati, watu wamejikunyata kwenye makoti. Mzungu mmoja mwenye mvi alikuwa anapanda kilima akichechemea kidogo. Na nyuma yake, mkanda wa mfuko umemkata bega, jasho usoni hata katika baridi ile, Elias.

"Elias! Elias wetu!" Kwaya ikapiga vigelegele. Halafu vigelegele vikakatika kimoja kimoja, maana watu walikuwa wameanza kumtazama Mzee Mashimba.

"Amebeba nini?" aliuliza Kashindye.

Wanakwaya wakatazama chini.

"Nauliza, amebeba nini? Ule ndio ushauri?"

Kijana wa bodaboda akacheka, akajifanya anakohoa. Roza alihisi masikio yanawaka. "Ni fimbo za kuchezea, shangazi. Kila pigo lina fimbo yake, sasa yeye ndiye anayejua..."

"Mbeba mizigo," Kashindye alisema, si kwa sauti kubwa, lakini chumba kilikuwa kimya. "Modesta amesoma chuo mpaka akamaliza, aje kuolewa na mbeba mizigo wa mzungu. Kaka, tuondoke kabla giza halijaingia."

Mashimba alishika fimbo yake. Hakusimama bado. Alikuwa anamtazama yule mzungu anayechechemea. "Huyo mzee ana nini mguuni?"

*

Hapo ndipo Roza alipoona upenyo, akaukimbilia kama mama anayekimbilia mtoto barabarani.

"Si mguu, mkwe, ni mgongo. Alipasuliwa. Anaitwa Taketi." Hivyo ndivyo walivyolitamka jina lake Pasiansi nzima, kwao aliitwa Lyle Tackett. "Kaa nikusimulie, chai bado iko chupani. Mtu huyu si mzungu wa kuzaliwa tajiri. Ametoka Texas, nchi ya pamba. Baba yake alikuwa fundi wa mashine kwenye jineri."

"Jineri? Ya pamba?"

"Ya kuchambulia pamba, kama hizi zetu. Nyumba ya vyumba viwili, watoto sita."

"Hapo kwenye watoto sijui," Janet alinong'ona. "Wiki iliyopita walikuwa wanne."

"Wanne," Roza alisema haraka. "Baba yake akaokota fimbo moja iliyovunjika, akaichomea, akampa. Moja tu. Mtoto akawa anacheza shambani pamba ikishavunwa. Sasa mkwe, wewe unalijua shamba lililovunwa. Vipande vyeupe kila mahali chini. Mpira mweupe, pamba nyeupe, na mpira anao mmoja. Akiupoteza, mchezo umekwisha. Ndiyo maana mpaka leo, Elias anasema, Taketi akipiga haondoi jicho mpaka mpira utulie."

Mashimba aliachia fimbo kidogo. Alikuwa amelima pamba ujana wake wote kabla ya ng'ombe.

Roza akaendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyosahau kuogopa, maana kisa hiki alikipenda. Taketi alipofika miaka ishirini na mitatu alishinda shindano kubwa, mwaka uliofuata akashinda jingine, picha yake ikabandikwa hadi kwenye makopo ya soda. Halafu mgongo ukagoma. Madaktari wakampasua mara ya kwanza, wakampasua tena. Wafadhili wakampa mgongo na wao. Mke akaondoka. Haki ya kucheza na wakubwa ikapotea, maana katika mchezo huo usiposhinda unashushwa, haijalishi zamani ulikuwa nani. Akarudi kijijini kwao, akawa dereva wa basi la shule.

"Basi la shule?" Nestory aliuliza. Kama dereva, habari hii ilimgusa.

"La shule. Asubuhi anapeleka watoto, mchana wakiwa darasani anapiga mipira, jioni anawarudisha. Miaka mingi. Watu wanamcheka, 'Tazama bingwa, anapiga honi.' Na hao hao waliomcheka wakamwona ana miaka arobaini na moja amepita kwenye mashindano ya mchujo pamoja na vijana wa kuwazaa, akarudi. Sasa amerudi, nani atambebea mfuko? Hana pesa ya kumlipa mtu. Wabebaji wazoefu wakamkimbia. Elias alikuwa mwanafunzi wa kilimo huko, anakata nyasi za uwanja apate ada. Taketi akamwambia, nibebee wiki moja tu. Mwaka wa nne huu."

Kilichofuata hakikuhitaji chumvi.

"Ogweno alipofariki, walikuwa katikati ya shindano. Taketi ndiye aliyempeleka Elias uwanja wa ndege, tiketi kanunua yeye. Halafu akarudi akacheza siku mbili zilizobaki, mfuko kabeba mwenyewe, na mgongo ule. Wakamwambia tutakupa mtu. Akasema, mfuko una mwenyewe, amekwenda kuzika."

"Hilo ni kweli, mzee," Janet alisema, safari hii kwa sauti. "Hapo hajaongeza kitu. Hata rambirambi yake ilifika, mimi ndiye niliyekwenda na dada Roza kuipokea."

Mashimba alinyoosha kikombe chake. Roza akamimina chai.

*

Kuanzia hapo walitazama wote. Nestory, ambaye Kiingereza alikijua kwa kazi, akawa mtangazaji. Aliwafahamisha kwamba mwenye mapigo machache ndiye mshindi, jambo lililowashangaza wanakwaya, na kwamba Taketi yuko mbele kwa pigo moja dhidi ya kijana wa Ayalandi, yamebaki mashimo matatu. Chumba kikapata joto. Kashindye mwenyewe, bila kujua, alikuwa amevua viatu.

Kisha mpira wa Taketi ukaingia kwenye majani marefu. Kamera ikamwonyesha kwa nyuma, ameinama, anaondoa vijiti vikavu vilivyolala karibu na mpira. Elias alikuwa amechuchumaa upande wa pili. Taketi akainuka, akashika fimbo, akajipanga kupiga. Elias akasema kitu. Taketi akasimama. Wakatazamana. Elias akasema tena, akaonyesha chini kwa kidole.

Taketi akashusha fimbo, akainua mkono kuita mwamuzi.

"Kuna nini?" watu waliuliza. "Nestory, wanasema nini?"

"Subirini. Hata watangazaji hawajui." Nestory alisogea akakaribia kuficha runinga. "Wanasema... alipotoa kile kijiti, mpira ulisogea. Kidogo tu. Kama ukucha. Ukiusogeza mpira wako hivyo unaongezewa pigo moja. Wanarudia picha... hakuna kamera iliyoona. Wanasema hakuna aliyeona."

"Sasa nani kasema?"

"Yeye mwenyewe kamwita mwamuzi. Lakini..." Nestory akageuka, akamtazama Roza kwa huruma. "Wanasema yeye hakuuona. Mbebaji wake ndiye aliyemwambia."

Chumba kikalipuka.

"Elias? Elias kamchoma bosi wake?"

"Mjinga huyo! Anafunga goli kwake!"

"Sasa si angenyamaza? Nani angejua?"

"Kazi hana tena huyo. Kesho yuko Mwanza anabeba dagaa."

Roza alikuwa ameshika shingo. Kwenye runinga, Taketi aliuweka mpira mahali pake, akapiga, ukatoka vibaya. Shimo hilo alitoka amezidiwa kwa pigo moja. Mawili yaliyobaki akapigana nayo kama mtu anayepanda mlima na gunia, na kijana wa Ayalandi akapigana vilevile. La mwisho, mpira wa Taketi ulikwenda ukakaa kwenye mdomo wa shimo, ukagoma kuingia.

Mshindi wa pili. Vijana wa bodaboda wakatoka wakisonya. Wanakwaya wakaanza kukusanya stuli. Mzee Mashimba alibaki kwenye kochi, macho kwenye runinga.

Wakamwonyesha Taketi akihojiwa, upepo unampeperusha mvi. Nestory alitafsiri polepole. "Anaulizwa, humkasirikii mbebaji wako? Anasema... anasema, 'Nimemtafuta mtu kama huyu maisha yangu yote. Angeninyima habari ile, ningeondoka hapa na kikombe cha wizi bila kujua. Kesho anabeba mfuko, akitaka.'"

*

Simu ya Roza ililia kabla watu hawajamaliza kutoka. Elias. Roza alipokea kwa mikono miwili.

"Mama, umeona?"

"Nimeona, baba."

"Tumeshindwa."

"Nimeona." Mzee Mashimba alikuwa amesimama mbele yake, amenyoosha kiganja. Roza akampa simu, kwa sababu hakujua namna ya kumnyima.

"Elias. Mimi Mashimba, baba yake Modesta."

Kutoka Uskoti ikaja sauti ndogo, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ule mpira. Ungekaa kimya, nani angejua?"

"Hakuna, mzee."

"Basi kwa nini ulisema?"

Chumba kizima, pamoja na vijana waliorudi mlangoni, kilikuwa kinasikiliza ile simu, maana sauti yake ilikuwa juu.

"Niliuona unasogea, mzee."

"Basi?"

"Basi. Niliuona."

Mashimba alirudisha simu, akakaa. Alimtazama dada yake, si Roza.

"Kashindye, ng'ombe nilionao kwenye boma langu ni theluthi tu ya wangu. Wengine wote nimewaweka kwa watu. Ng'ombe wako akifia kwa mtu uliyempa akutunzie, anakuletea nini?"

"Ngozi," Kashindye alijibu, bila furaha.

"Ngozi. Asiyeleta ngozi kamla ng'ombe wako, hata kama alikufa kweli. Nimewahi kuwaweka kwa wasomi, wakaniletea maneno. Nimewaweka kwa masikini asiye na viatu, akatembea siku mbili na ngozi mbichi kichwani, inanuka, ili anioneshe hasara ambayo nisingeijua. Huyo nilimwongezea ng'ombe." Akaielekeza fimbo kwenye runinga. "Kijana huyu kapeleka ngozi. Na yule mzee kaipokea kama inavyopokewa. Wote wawili ni watu."

Halafu akamgeukia Roza, na Roza akajua zamu yake imefika.

"Mama Elias. Mshenga aliniambia mshauri."

"Ndiyo, mkwe."

"Ni nini?"

Mama Dorotea, Janet, Nestory, mtaa mzima ulikuwa pale. Roza aliwatazama, akayatazama masinia ya samaki.

"Ni mbeba mfuko, mkwe. Nilisema mshauri kwa sababu niliogopa mtatudharau. Elias hajui kama nilisema hivyo. Yeye hajawahi kulificha."

"Mtoto hakuogopa watu wote wale na kamera zao, mama yake ukaniogopa mimi?"

"Wewe una binti, mkwe. Wao hawana."

Kashindye ndiye aliyeanza kucheka, akicheka kwa tumbo lote, akimpiga kaka yake begani. Hata Mashimba akalegea mdomo.

"Mahari tutazungumza mvua zikikatika," alisema. "Upande wenu atakaa nani?"

"Baba yake mdogo, Ogada, yuko Shirati. Na wazee wawili wa ukoo."

"Ogada aje. Na huyu Taketi aje akae pembeni ya Ogada. Ogweno hayupo, nami nataka kuwa na mzee mwenzangu mbele yangu siku hiyo."

"Mkwe, Taketi hajui Kiswahili!"

"Ng'ombe nao hawajui."

Chumba kikavunjika kwa kicheko, na katika kicheko kile Janet akapenya mlangoni. Sauti yake ikasikika tayari iko barabarani, inapanda na mtaa. "Jamani mmesikia? Mmarekani anakuja Pasiansi! Taketi mwenyewe! Anakuja kutoa mahari ya mtoto wetu, na magari matatu!"

Roza alitoka mbio, mtandio unaburuzika chini, akasimama katikati ya barabara mbele ya watu wote.

"Janet! Wewe Janet, hebu rudi! Waambie tumemwalika! Hajasema anakuja! Tumemwalika tu!"